Urahisi wa Risasi Haupimwi Dukani

Kiswahili kina neno moja ambalo limewaponza wengi, nalo ni neno rahisi. Twasema mtihani ulikuwa rahisi, tukikusudia kwamba haukuwa mgumu. Twasema pia kwamba shati lilikuwa rahisi, tukikusudia kwamba bei yake ilikuwa nafuu. Msemaji hupita kutoka maana moja hadi nyingine bila kutanabahi kwamba amevuka mto. Na maadamu maana hizo mbili zinakaa chini ya paa moja, si ajabu kwamba mtu apatapo kitu cha bei ya chini hudhani pia kwamba kukitumia ni jambo jepesi. Wahenga waliliona hilo zamani, ndipo wakatuonya kwamba rahisi huvunja upishi.

Nimelitafakari neno hili wiki hizi kwa sababu ya barua niliyoandikiwa na mpwa wangu, muuguzi katika jimbo la Indiana nchini Marekani. Amehamia mashambani, majirani wamemwalika kwenda kuwinda kindi na sungura msimu ujao, naye angependa kununua bunduki ya kuwindia wanyama wadogo kama hao na ya kulengea makopo siku za mapumziko. "Mjomba," aliniuliza, "wewe uliishi huku miaka mingi. Ni kaliba ipi iliyo rahisi?"

Yamkini swali hilo litamshangaza msomaji wa Nyeri au Kakamega. Kwetu bunduki ni chombo cha askari au cha jambazi. Raia wa kawaida huishi na kufa bila kuigusa. Hata hivyo, Wakenya wanaoishi Marekani ni wengi, na watoto wao wanakulia katika nchi ambako mtoto wa mkulima huifahamu bunduki kama mtoto wa Lamu afahamuvyo mshipi wa kuvulia. Tena, nilipoketi kuliandika jibu niliona kwamba linatuhusu hata sisi tusiomiliki manati. Ndiyo sababu ninalileta hadharani.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo mlango. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo hilohilo, nilikuta kwamba sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kuwa na bunduki au hata risasi moja, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, au aingie katika vighairi vingine vichache. Kwa hiyo kabla sijaishika bunduki ya jirani yangu nilihudhuria mafunzo ya usalama wa wawindaji, nikanunua leseni, nikaitia mfukoni. Mpwa wangu ana kibali cha ukaazi wa kudumu, hivyo katazo hilo halimfungi, ingawa leseni ya kuwinda itamlazimu kama inavyowalazimu jirani zake. Lakini kijana yeyote aliyeko huko kwa viza ya masomo na aanzie hapo. Kosa la namna hiyo laweza kumnyang'anya masomo na makazi, na hapana bunduki ya bei nafuu itakayoifidia hasara hiyo.

Sasa tuyatazame maneno, maana mwanaisimu hawezi kulipita neno njiani bila kulisabahi. Neno risasi, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Kwa kuwa vichwa vya risasi vilisubiwa kwa madini hayo, jina la madini likawa jina la kitu. Kaliba nayo, tunayoitaja tunaposema "mtu wa kaliba yake", imesafiri mbali zaidi. Wataalamu wengi wa asili za maneno huirudisha kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka. Kiswahili kililipokea neno hilo moja kwa moja kutoka kwa Waarabu kwa sura ya kalibu. Wazungu nao walilichukua, wakalitumia kwa upana wa mdomo wa mzinga, kisha likaturudia kwa sura ya kaliba. Ni ndugu wawili waliopotezana utotoni na kukutana uzeeni.

Katika bunduki, kaliba ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Ile iitwayo .22 ni sehemu 22 katika mia za inchi moja, yaani milimita 5.6 hivi. Lakini hapa jina humdanganya mgeni. Ipo risasi iitwayo .22 Long Rifle, na ipo nyingine iitwayo .223 Remington. Upana wa vichwa vyao hautofautiani ila kwa unywele. Hata hivyo, ganda la hiyo ya pili hubeba baruti nyingi mno, na nguvu zake zinapotoka mtutuni ni takriban mara tisa ya zile za ya kwanza. Ya kwanza humwangusha kindi na kumwacha nyama. Ya pili ni jamaa ya risasi za kijeshi, na kindi akipigwa nayo hapana kitoweo cha kutia chunguni. Basi asemaye "nataka .22" bado hajasema kitu; sharti alitaje jina zima.

Hiyo .22 Long Rifle ndiyo mzizi wa mazungumzo yetu. Babu yake alizaliwa Ufaransa mwaka 1845, pale fundi Louis-Nicolas Flobert alipotengeneza risasi ndogo ya kuchezea shabaha sebuleni, isiyokuwa na baruti kabisa ila fataki tu. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliiendeleza ikatoa .22 Short. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa Long Rifle, na tangu hapo, kwa muda wa zaidi ya miaka 130, haijapata mpinzani wa kuing'oa. Hata katika Michezo ya Olimpiki, walengaji wa bunduki wa mita 50 hutumia hiyohiyo anayotumia mtoto wa mkulima kupigia makopo.

Siri ya unafuu wake imo katika kitako cha ganda. Risasi kubwa huwa na kikombe kidogo cha fataki katikati ya kitako, nacho huweza kung'olewa na kutiwa kingine, ganda likajazwa baruti upya na kutumika tena. Risasi hii ndogo haina kikombe. Fataki yake hutandazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na nyundo ya bunduki huuponda ukingo huo ili iwake. Vipande ni vichache, kazi ni chache, na mashine huzitoa kwa mamilioni. Lakini kila unafuu una masharti yake. Ukingo unaopondeka kwa nyundo ni lazima uwe mwembamba, na ganda jembamba halistahimili msukumo mkubwa. Kwa hiyo risasi hii haiwezi kupewa nguvu kupita kiasi. Ganda lake likishatumika ni la kutupwa. Aidha, fataki yake isipotandazwa sawasawa, risasi hugoma. Hapo mtu huushikilia mtutu ukitazama mahali salama kwa nusu dakika kabla ya kufungua, kwani huenda risasi imechelewa tu na haijakataa.

Tuzilinganishe sasa kwa bei. Katika miaka ya karibuni, .22 Long Rifle ya kawaida huuzwa Marekani kwa kati ya senti 6 na 12 za dola kwa kila moja. Dada yake mkubwa, .22 Magnum, aliyetolewa na Winchester mwaka 1959, hugharimu mara tatu au nne ya bei hiyo. Vivyo hivyo .17 HMR, iliyotolewa na Hornady mwaka 2002. Kichwa chake kina uzito wa gramu 1.1 tu, lakini hupaa kwa kasi ya karibu mita 780 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Ile .223 niliyoitaja hukaribia nusu dola au kuipita. Mtu akitaka kufyatua risasi 500 katika kiangazi kimoja, atatoa dola 40 hivi kwa ya kwanza, dola 150 kwa Magnum au .17, na dola 250 kwa .223. Bunduki yenyewe ya .22, ya kukoki kwa mkono, hupatikana mpya kwa chini ya dola 300.

Msomaji asidhani kwamba unafuu huo unatokana na udogo. Risasi ya .22 Short ni fupi kuliko Long Rifle, ina madini machache na baruti chache, lakini kwa kawaida dukani ni ghali zaidi. Hali ni hiyohiyo katika bunduki za marisau, zile zinazomwaga punje nyingi kwa mpigo mmoja. Ile nyembamba kabisa, .410, ambayo wazazi wengi huwanunulia watoto kwa kuwa haipigi bega sana, risasi zake huwa ghali kuliko zile za bunduki nene ya kumi na mbili. Kinachoshusha bei ni wingi wa watumiaji. Hata maneno hufuata kanuni inayofanana na hiyo. Mwanaisimu wa Marekani, George Zipf, alionyesha katika miaka ya 1930 na 1940 kwamba neno litumikalo mara nyingi huelekea kuwa fupi, kana kwamba ndimi nyingi zimelisugua likapungua. Bei nayo husuguliwa na mikono mingi.

Kutokana na hesabu hizo, mtu angeweza kulifunga jibu na kusema: nunua .22 Long Rifle, kwaheri. Mimi nakubali kwamba ndiyo ya kununua. Lakini sababu ninayoishikilia si ya mfuko, na nilifundishwa na mzee mmoja mkulima wa mahindi na soya aliyekuwa jirani yangu.

Mzee huyo alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote, mgeni wala mjukuu. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia msituni mwake kuwinda kabla ya kutoboa kifuniko cha chupa ya jemu kwa risasi tano mfululizo kutoka umbali wa yadi 50, akiwa ameketi chini kama anavyoketi mwindaji. Wanne kati ya watano hawakutosha. Kanuni hiyo ilianza upya kila mwaka, hata kwake yeye. Nilipomuuliza kwa nini awe mkali hivyo kwa ajili ya kijinyama chenye uzito wa nusu kilo, alinijibu kwamba kindi hawezi kuomba arudiwe.

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Sehemu ya kindi inayompa kifo cha papo hapo ni kichwa, na kichwa chake hakizidi ukubwa wa ndimu. Risasi ya .22 si ya ajabu. Hutoka kwa kasi ya takriban mita 370 kwa sekunde na kuanza kupungukiwa mara moja. Bunduki iliyorekebishwa kwa yadi 50, ikielekezwa kitu kilicho yadi 100, risasi yake hufika chini kwa inchi zipatazo sita. Inchi sita kwa kindi ni tofauti kati ya kichwa na hewa tupu, au, kwa ubaya zaidi, kati ya kichwa na tumbo. Mnyama aliyepigwa tumboni hukimbilia shimo la mti, akafa huko baada ya saa nyingi, na hapana anayemla wala anayemjua. Kuepuka hilo hakuna dawa ila mazoezi, na mazoezi ni idadi ya risasi. Mwaka wangu wa kwanza nilifyatua zaidi ya risasi elfu moja kwenye vifuniko na makopo, na katika msimu mzima niliua kindi saba, ilhali sheria ya jimbo iliruhusu watano kwa siku moja. Kwa .223, mafunzo hayo yangenila dola mia tano na mshahara wangu wa mwanafunzi usingalihimili.

Hapo ndipo thamani ya risasi nafuu ilipo. Unafuu wake unampa mtu maskini uwezo wa kujifunza, na kujifunza huko ni deni alilo nalo kwa mnyama kabla hajamwinda. Anayeinunua kwa sababu ni rahisi, kisha akaenda msituni bila mazoezi kwa kuwa anadhani hata kupoteza risasi si kitu, ameipindua hekima juu chini. Nimewaona watu wa namna hiyo. Wanapakia risasi kumi na kuzimwaga zote mtini, kindi anaruka tawi hadi tawi, nao wanacheka. Mpiga gobore wa zamani, aliyeshindilia baruti na kuhesabu kila punje, hangethubutu kufanya hivyo. Uchache ulimfundisha adabu. Sisi tuliopewa wingi inatubidi tujifundishe wenyewe.

Kulenga makopo, basi, si mchezo wa kipuuzi. Kiingereza kimeuita kwa tanakali ya sauti, plink, ambao ni mlio wa bati linapogongwa, na aghalabu kitu kinachoitwa kwa mlio wake hudhaniwa kuwa cha watoto. Lakini una masharti. Nyuma ya makopo pawe na kingo nene ya udongo, si ukuta wa mawe, si maji, si ardhi ngumu. Risasi hii ya polepole yenye kichwa cha mviringo hudunda kwa urahisi na kwenda isikotarajiwa. Masikio na macho yafunikwe. Chupa za vioo zisilengwe, kwa sababu ng'ombe na watoto hupita hapo kesho. Makopo na maganda yaokotwe yote. Na juu ya yote mtu aisome tahadhari iliyoandikwa kwenye boksi: risasi hii ndogo huweza kusafiri zaidi ya maili moja. Kindi aliye juu ya tawi jembamba, nyuma yake ikiwa mbingu tupu, haruhusiwi kupigwa, hata awe mnene vipi, kwa maana asiyejua risasi yake itatua wapi hana haki ya kuituma.

Nalitilia mkazo hilo kwa kuwa jina "ndogo" limewadanganya wakubwa pia. Seneta Robert Kennedy aliuawa mjini Los Angeles mwezi Juni 1968 kwa bastola ya .22. Rais Ronald Reagan alijeruhiwa karibu kufa mjini Washington mwezi Machi 1981 kwa bastola ya kaliba hiyohiyo, na risasi iliyomwingia ilidunda kwanza kwenye gari lake. Hakuna risasi ya kuchezea. Zipo ndogo na kubwa tu.

Ipo pia gharama ya upatikanaji. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, Newtown, jimboni Connecticut, mtu mwenye silaha aliwaua watoto 20 na watu wazima sita. Bunduki aliyotumia dhidi ya watoto hao haikuwa ya kuwindia kindi. Lakini wenye bunduki kote nchini waliogopa kwamba sheria zingekazwa, wakakimbilia madukani kununua kila aina ya risasi, na .22 ikatoweka kwa muda wa miaka kadhaa. Katika mji niliokuwa nikiishi, wazee walipanga foleni nje ya duka kabla halijafunguliwa, kila mmoja akiruhusiwa boksi moja, na waliowahi waliziuza tena jioni kwa bei maradufu. Risasi za .17, zilizokuwa ghali, ndizo zilizobaki rafuni kwa muda mrefu zaidi. Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2020, janga la korona lilipozuka. Kwa hiyo busara ni kuweka akiba ya msimu mmoja, si zaidi. Arundikaye ya miaka kumi humnyima jirani yake mazoezi ya mwaka huu.

Gharama ya mwisho tunairudia katika jina lenyewe. Risasi ni madini, na madini hayo ni sumu. Watafiti waliowachunguza tai 1,210 kutoka majimbo 38 ya Marekani walichapisha mwaka 2022 matokeo yaliyoonyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa na dalili za sumu hiyo ya muda mrefu mifupani, na chanzo kikubwa ni mabaki ya wanyama waliopigwa risasi. Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini hayo kwa uwindaji wa bata na mabata bukini mwaka 1991, na jimbo la California likayapiga marufuku kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Zipo .22 zisizo na madini hayo, nazo ni ghali zaidi. Ushauri wangu ni huu: za kawaida zitumike kwenye kingo ya udongo, mahali pamoja panapoweza kusafishwa, na mikono ioshwe kabla ya kula, zile zisizo na sumu, kama bunduki inazilenga vyema, ziwe za mnyama atakayeliwa. Kwa wanyama saba kwa mwaka, nyongeza ya bei haifiki bei ya kikombe cha kahawa. Wala tusidhani kwamba sumu hiyo ni ya Wamarekani pekee. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa wanaijua bila kupigwa risasi yoyote. Waliivuta kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwakadiria fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Hapa ndipo jibu la mpwa wangu linapotufikia nyumbani. Tangu 1937 Marekani ina sheria iitwayo Pittman-Robertson, inayoelekeza kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki ndefu na risasi kwenda kwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori na makazi yao. Anunuaye boksi la .22 amechangia msitu, apende asipende. Kenya ilichagua njia nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikaliendeleza katazo hilo. Wapo wanaosema tuige Marekani na wapo wanaosema tusiige kamwe. Mimi sikukusudia kuamua ugomvi huo leo. Ninachotaka tukione ni kwamba wanyama wadogo wa Kenya wanawindwa kila siku, katazo lipo, na hawawindwi kwa .22.

Wanawindwa kwa waya. Mtego wa waya ndio silaha nafuu kuliko kaliba zote nilizozitaja, maana hauhitaji leseni, mazoezi wala shabaha. Huungwa kwa kipande cha waya wa ua au wa breki ya baiskeli, ukafungwa kwenye kichaka ambako dikidiki hupita, kisha aliyeutega akaenda zake kulala. Huua usiku na mchana, humnasa aliyekusudiwa na asiyekusudiwa, mama mwenye mimba na ndama wa twiga, na mara nyingi mwenyewe hausahau tu bali hurudi akute mzoga umeoza. Tangu 1999 vikosi vya shirika la Sheldrick na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori vimekuwa vikipita Tsavo kuiondoa mitego hiyo, na bado kazi haijaisha. Dukani waya huo ni shilingi chache. Aulipiaye ni mnyama, kwa siku mbili au tatu za kujinyonga.

Simhukumu anayeutega kwa njaa, kwa kuwa njaa haina mwalimu. Lakini aliyeshiba na kuifanya nyama hiyo biashara ya hoteli za kando ya barabara hana tofauti na yule anayemwaga risasi kumi mtini huku akicheka. Wote wawili wamenunua kitu rahisi na kumwachia mwingine alipe. Nayo sheria ya bunduki ya Kenya isichezewe na yeyote aliyesisimkwa na makala haya: kuwa na risasi hata moja bila cheti ni kosa, na anayependa kulenga shabaha huanzia kwenye vyama na viwanja vilivyoidhinishwa.

Basi hesabu kamili ya risasi nafuu inasomeka hivi: bei ya boksi, ukiongeza muda wa mazoezi, ukiongeza kingo ya udongo, ukiongeza unawaji wa mikono, ukiongeza kindi uliyemwacha aende zake kwa sababu nyuma yake palikuwa na mbingu tupu. Atakayeijumlisha hivyo ataona kwamba .22 Long Rifle bado ndiyo nafuu kuliko zote, na kwamba hata hivyo si rahisi hata kidogo. Huenda wakati umefika kwa Kiswahili kuyatenganisha maneno hayo mawili: tuseme nafuu kwa kile ambacho mfuko unakimudu, na neno rahisi tuliweke kwa yale machache ambayo kweli hayamgharimu mtu wala mnyama.